Cherehani ya zamani: kagua mikono iliyoipitia

Wanaoniomba ushauri wa kununua cherehani ya zamani karibu wote huanza na umri. Ni ya mwaka gani? Haijachoka? Naelewa wanakotoka, maana vitu vingi tunavyonunua vikiwa vimeshatumika, kuanzia simu hadi pikipiki, huisha kwa kutumika. Cherehani ya chuma ya kabla ya miaka ya 1960 haiishi hivyo. Nimefungua nyingi, na zile zilizokufa ni chache sana zilizouawa na miaka. Ziliuawa na mikono: mtu aliyetia mafuta ya kupikia, mtu aliyelazimisha skrubu isiyo yake, mtu aliyepulizia rangi ili ing'ae sokoni, fundi aliyegusa mahali pasipokuwa na ugonjwa. Kwa hiyo nikiitwa kukagua mashine, swali langu la kwanza ni nani ameishika na ameifanya nini.

Niko Tanga, na ninayoshonea kila siku ni Singer 15K ya miguu. Napinda kanga, nashona sare za shule, nafupisha suruali za mitumba, na Idi ikikaribia usingizi unakuwa wa kuibia. Hiyo herufi K kwenye jina la modeli, kama 15K, 66K au 201K, inaonyesha kwamba mashine ni ya kiwanda cha Kilbowie, mjini Clydebank, Uskoti. Kiwanda hicho kilifunguliwa mwaka 1885 na kufungwa mwaka 1980. Kilikuwa kikubwa kiasi cha kuwa na stesheni yake ya reli, na stesheni hiyo ipo hadi leo na bado inaitwa Singer. Singer nyingi ninazokutana nazo hapa pwani zina alama ya huko.

Namba ya mashine imegongwa kwenye bamba la chini, upande wa kulia. Tangu mwaka 1900 Singer walitanguliza herufi mbele ya tarakimu, na herufi hizo ndizo zinazotaja kiwanda na kipindi. Namba inayoanza na E ikifuatiwa na herufi nyingine, kama EC au EE, ni ya Clydebank. Ni jambo zuri kulijua, na mimi binafsi hupenda kujua mashine yangu ilizaliwa wapi. Lakini namba haikwambii kama utapata bobini, yaani kile kinachobeba uzi wa chini, na bobini ndiyo itakayoamua kama utashona au utaweka pambo sebuleni.

Hapa ndipo wengi wanapotea. Wanaona jina Singer, wanaona maua ya dhahabu, wanalipa. Singer za zamani hazifanani tumboni. Ile ya aina ya 15 ina bobini ya mviringo, bapa pande zote mbili, inayokaa ndani ya kikasha chake na kuingizwa kutoka upande wa kushoto, chini ya sindano. Aina ya 66 ina bobini ya mviringo pia, ila nyuso zake zimebinuka kidogo, na unaidondosha kutoka juu baada ya kusogeza kibamba. Ukiichukua bobini ya 15 ukaitumbukiza kwenye 66 itaingia, itashona vibaya, na utaanza kuilaumu mashine. Halafu kuna 27, 28, 127 na 128, ambazo hazina bobini ya mviringo kabisa. Zina kijiti kirefu chembamba cha uzi kinacholala ndani ya kichombo chenye umbo la mtumbwi, nacho kinakwenda mbele na kurudi nyuma. Ndizo nyingi utakazoziona na picha ya Sphinx, yule simba wa Misri mwenye kichwa cha mtu, na kwa uzuri hazina mpinzani. Ila kile kichombo kikipotea, au ncha yake ikilika kutu, unaweza kuzunguka Kariakoo nzima ukarudi na maji ya kunywa tu.

Ya aina ya 15 ndiyo ninayomshauri mtu anayetaka kushona kwa ajili ya riziki, na sababu haihusiani na sifa za Singer. Muundo wake umeigwa dunia nzima. Baada ya Vita Kuu ya Pili, viwanda vya Japani viliufanya kuwa msingi wa cherehani zao za nyumbani na kuziuza kwa majina mengi mno. Butterfly ya Shanghai, ile nyeusi inayojaa kwenye baraza za mafundi kuanzia Lamu hadi Mtwara, imefuata muundo huohuo, na Usha ya India vilevile. Maana yake ni kwamba bobini, kikasha, sindano na vipuri vingi vya Butterfly mpya vinaifaa Singer iliyotengenezwa kabla babu yako hajaoa. Mtu anayeidharau Butterfly hajui kwamba ndiyo inayoziweka hai Singer zetu.

Sasa rudi kwenye mikono. Mashine inayonitia shaka kuliko zote ni ile inayong'aa. Kuna biashara ya kuokota kichwa kibovu cha cherehani, kukipulizia rangi nyeusi, kubandika stika mpya za dhahabu na kukisimamisha mlangoni. Rangi si dhambi. Shida ni kwamba anayepaka kwa haraka hafungui kitu. Rangi inaingia kwenye vitundu vya mafuta ikaviziba, inaingia kwenye vyuma vinavyozunguka, inaganda juu ya uchafu wa zamani. Tazama vichwa vya skrubu: ukikuta rangi imejaa kwenye mfereji wa bisibisi, ujue skrubu hiyo haikufunguliwa. Tazama tarakimu za namba ya mashine kama zimezibwa na rangi. Tafuta kile kitundu cha mafuta kilicho juu ya mkono wa mashine, kisipoonekana, kimezikwa. Mashine iliyochakaa rangi, maua yamefutika pale mkono wa mshonaji ulipokuwa ukipita, mara nyingi ndiyo iliyofanya kazi na kutunzwa. Hiyo ichukue kwa moyo mweupe.

Nikienda kukagua nabeba vyangu: sindano mpya, nyuzi za rangi mbili tofauti, vipande vya kanga ya zamani na kipande cha jinzi, na tochi. Mazungumzo na muuzaji huwa hivi.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwanangu. Hii ya Mwingereza hii, haifi."

"Naiona, mzee. Naomba niizungushe kidogo."

"Zungusha tu. Ila mkanda wake sina."

Kukosekana mkanda hakunisumbui, kwa sababu kinachonihusu wakati huo ni gurudumu la mkono. Toa uzi wote, inua mguu unaokandamiza kitambaa, kisha zungusha gurudumu kuelekea kwako polepole. Ikiwa nzito sawasawa mzunguko mzima, hayo ni mafuta ya kale yaliyoganda, na ugonjwa huo una dawa. Ikiwa nyepesi halafu inakwama mahali palepale kila mzunguko, kuna kitu kimepinda au kinagongana, au uzi umenaswa ndani ya kulabu, kile kichuma cha chini kinachonasa uzi wa sindano. Ya uzi unaitoa kwa kibanio, ya kupinda itakula pesa zako. Baadaye shika nguzo ya sindano uitikise kushoto na kulia. Ikicheza sana, imelika, na hapo kweli tunazungumzia uchakavu.

Kisha ilaze mashine uimulike tumbo. Angalia ncha ya kulabu: inatakiwa iwe kali na laini, isiwe na pengo wala vishimo vya kutu. Angalia meno yanayosukuma kitambaa kama bado yana ncha. Angalia chuma pale penye bawaba, maana cherehani iliyoanguka huchanika hapo, na chuma cha kumimina hakiungwi kirahisi. Mwisho shona, uzi wa juu rangi moja na wa chini rangi nyingine, kwenye kanga na kwenye jinzi iliyokunjwa mara mbili. Rangi ya chini ikijitokeza juu, au ya juu ikijaa chini, usikate tamaa mara moja. Mvutano wa uzi unarekebishika. Ncha ya kulabu iliyovunjika hairekebishiki.

Ukiuliza bei ukatajiwa pesa ya kununulia kiwanja, fahamu kwamba umekutana na uvumi wa zebaki nyekundu. Mwezi Aprili mwaka 2009 uvumi huo ulienea Saudi Arabia: kwamba ndani ya Singer za zamani kuna zebaki nyekundu yenye thamani kubwa, na kwamba ukiisogeza simu ya mkononi karibu na sindano, laini ya simu ikikatika, basi imo. Habari za wakati ule zilitaja watu waliotoa hadi riyali 200,000 kwa cherehani moja. Polisi wa huko walikanusha. Hakuna kitu kama hicho ndani ya cherehani. Kuna chuma, na mafuta kama mwenyewe amekumbuka kuyatia. Jambo hili linanigusa kwa sababu mashine zilizoibwa au kubomolewa kwa ajili ya ndoto hiyo zilikuwa za watu wanaokula kwa kushona. Mtu akija kwako kutaka kuipima cherehani kwa simu, mwombe radhi na ufunge mlango.

Sasa umeinunua, iko nyumbani. Kitu cha kwanza si kushona, ni kuisafisha. Mafuta ya kupikia yakikaa kwenye chuma na hewa hugeuka gundi ya kahawia, na kadiri unavyoongeza ndivyo unavyoiongeza gundi. Mafuta ya nazi yana balaa lake: huganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi. Aliyeyatia wakati wa kaskazi akiona mashine inateleza atashangaa ifikapo kipupwe, asubuhi ya Julai, gurudumu halitaki kuzunguka. Wa Lushoto wala hawana haja ya kusubiri Julai. Mafuta ya injini nayo ni mazito mno na yanatia doa. Dawa za kupuliza za kulegeza kutu zinalegeza kweli, halafu zinakauka na kuacha chuma kikisagana na chuma. Kinachotakiwa ni mafuta ya cherehani, yale mepesi meupe ya chupa ndogo, ambayo bei yake ni ndogo kuliko nauli ya kwenda kuyanunua.

Gundi ya zamani inatolewa na mafuta ya taa, na hii si siri ya mtaani. Vitabu vya maelekezo vya Singer wenyewe viliyataja. Fanyia kazi nje, mbali na jiko. Tia tone kwenye kila kitundu na kila mahali chuma kinapokutana na chuma kinachotembea, zungusha gurudumu kwa muda mrefu, futa weusi unaotoka, rudia. Mashine iliyoganda kabisa unaiachia ilale na mafuta ya taa, kesho unajaribu tena kwa upole, keshokutwa tena. Usiigonge kwa nyundo na usilizungushe gurudumu kwa koleo. Nimeona mashine zilizokaa stoo tangu wenyewe walipofariki zikilegea kwa subira hiyo. Weusi ukiisha kutoka, kausha, kisha tia mafuta ya cherehani, tone moja moja, na uanze kushona kwenye matambara hadi kitambaa kitoke safi.

Kuhusu mwili wa nje, tafadhali usitumie spiriti. Yale maua ya dhahabu yamefunikwa na vanishi ya shelaki, na spiriti inayeyusha shelaki. Utapangusa mara moja na Sphinx ataondoka na kitambaa chako. Sabuni kali nayo huyapausha. Kitambaa laini chenye mafuta yaleyale ya cherehani kinatosha. Kinachukua muda, lakini kinatoa uchafu na kuacha maua.

Baada ya hapo matengenezo ni tabia tu. Kwenye kulabu tone moja kila siku ya kazi nyingi, sehemu nyingine kila wiki, na brashi ndogo ya kutoa manyoya ya nguo chini ya meno. Ukishona fulana za pamba au taulo utashangaa yanavyojaa. Manyoya yakilowa mafuta yanakuwa tope, na tope likibanwa kwenye njia ya kulabu mashine inaanza kunguruma.

Malalamiko yanayonifikia zaidi ni mashine kuruka mishono. Mtu anasema fundi amemwambia mashine imepoteza majira, yaani sindano na kulabu havikutani tena kwa wakati. Hilo hutokea, lakini ni nadra kwenye mashine hizi isipokuwa mtu amefungua skrubu. Karibu kila mara kosa ni sindano. Sindano ikishuka na kuanza kupanda, uzi unafanya kitanzi kidogo nyuma ya tundu, na ncha ya kulabu inapita humo kukinasa. Sindano ikiwekwa kinyume, kitanzi kinatokea upande ambao kulabu haipo. Ikipinda kidogo, kulabu inapita pembeni. Sindano ina mfereji mrefu upande mmoja na ubapa upande wa pili. Mfereji ule mrefu unatazama kule uzi unakotokea kuingia tunduni. Kwenye aina ya 15 uzi unaingia kutoka kulia kwenda kushoto, kwa hiyo ubapa unatazama kushoto. Aliyezoea mashine za kisasa, ambazo ubapa unatazama nyuma, ataiweka vibaya na kuapa kwamba mashine ni mbovu. Badilisha sindano kabla hujabadilisha fundi. Namba 14 kwa kanga na sare, 16 kwa jinzi, na sindano iliyogonga pini itupe hata kama unaiona nzima.

Jambo la pili ni uzi wa juu. Uzi ukijazana chini ya kitambaa, watu hukaza bobini, kumbe tatizo liko juu: uzi haukuingia katikati ya visahani vya mvutano. Kwenye mashine nyingi visahani hivyo hufunguka mguu ukiinuliwa, kwa hiyo tunga uzi mguu ukiwa juu. Kile kiskrubu kidogo cha kikasha cha bobini ukikigusa, kigeuze robo tu, juu ya sahani nyeupe, kwa sababu kikidondoka sakafuni hutakiona tena.

Na skrubu za Singer hazifuati vipimo vya milimita. Walikuwa na vipimo vyao wenyewe vya nyuzi za skrubu. Skrubu ya dukani inayoonekana kulingana itaingia mizunguko miwili, itakwama, na mtu mwenye nguvu atailazimisha. Hapo tundu limekufa. Ikipotea skrubu, tafuta kichwa kilichokufa utoe humo. Mafundi wazee wote wana kopo la namna hiyo. Kuna na ile wosha yenye masikio iliyo nyuma ya kirungu cha gurudumu, inayowezesha gurudumu kuzunguka bila sindano kutembea wakati wa kujaza bobini. Ikirudishwa kinyume, kirungu hakilegezi au hakikazi. Watu wamenunua gurudumu jingine kwa ajili ya wosha iliyotakiwa kugeuzwa tu.

Meza ya miguu nisiizungumzie sana. Gonga mbao usikie kama mchwa wamo, na tazama fremu ya chuma kama haina ufa. Mkanda ni wa ngozi wa mviringo, unene kama milimita 5, unaounganishwa kwa kipande cha waya. Wanaofunga mpira wa tairi la baiskeli huukaza mno, na baadaye wanalalamika magoti yanauma.

Umeme ni habari nyingine, na hapa nasema kwa msisitizo, hasa kwa ndugu walioko Marekani na Kanada wanaotaka kumletea mama cherehani nzuri ya zamani yenye mota. Umeme wa huko ni volti 120, wetu ni 230. Mota ya huko ukiichomeka moja kwa moja kwenye soketi ya hapa utaichoma. Kibao cha mota kimeandikwa volti zake. Kisome kabla hujalipia mzigo, na kama ni 110 au 120, lete na transfoma ya kushushia umeme inayobeba wati za mota na taa pamoja. Halafu tazama nyaya. Mpira wa nyaya za miaka ya 1950 hukauka na kumeguka ukizikunja, na mwili wa mashine ni chuma kitupu ambacho mshonaji anakishika kwa mikono miwili. Nyaya hizo zibadilishwe zote na fundi umeme, bila mjadala. Mota isipoaminika, ing'oe, iweke mashine kwenye meza ya miguu. Itashona vilevile hata umeme ukikatika.

Juzi jirani yangu alikuwa na pesa ya mashine moja na amepata mbili: 28 ya mkono, ina Sphinx wote wawili na boksi lake la mbao, na 15K iliyofutika maua hadi jina halisomeki, haina mkanda wala kibamba cha kuteleza kinachofunika bobini. Ya kwanza kile kichombo chake kilikuwa na kutu kwenye ncha. Nilimwambia achukue ya pili. Tumeitoa gundi, imeshona jinzi mara nne bila kuruka, na ameanza kupokea kanga za kupinda. Kibamba bado tunatafuta. Cha Butterfly tulichojaribu kimekuwa kipana kidogo, tutakipiga tupa.